Nilimtania marehemu kwenye msafara wa maua, nikampoteza jirani

Jina langu liacheni, ila kosa nalibeba lote. Sina shetani wa kumsingizia. Na huyo shetani angenipatia wapi, mtu wa ndani kama mimi? Naishi Woolwich, hapa London, miaka mingi sasa. Natoka kwenda kazini, jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee, narudi, navua viatu, basi. Kwenda Stratford tu naaga watu kama naenda Ulaya, na Ulaya yenyewe ndiyo hii.

Katika mji wote huu nilikuwa na mtu mmoja. Binti yangu yupo, kaolewa mji mwingine. Nampigia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na kabla sijafika kwenye jambo langu ameshaniaga. Mtu wangu hasa alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa Kisri Lanka. Nitamwita Anti Kumari. Yeye aliniita nangi, kwao ndiyo mdogo wa kike. Jumapili alikuwa ananiletea wali na dengu kwenye bakuli, mimi namrudishia bakuli na maandazi. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, labda ndiyo maana tulielewana.

Mumewe alifariki wakati wa baridi. Ilipofika Mei, wakati wa sikukuu yao kubwa ya Budha, Anti akaniomba nimsindikize hekaluni. Kungekuwa na msafara wa barabarani, naye alitaka kutoa maua ili thawabu zake zimwendee mumewe. Magoti yake yalikuwa mabovu, hawezi kutembea huku amebeba sinia la maua. Nikamwambia mimi ni Mkristo.

"Sinia halina dini, nangi," akasema. "Lina uzito tu."

Tukavuka London nzima, treni juu ya treni halafu basi, mpaka huko mbele ya Kenton. Jamani, macho yalinitoka! Barabara imefungwa, polisi wamesimama, wapiga ngoma wamejifunga vitambaa vyekundu kiunoni, wachezaji wamejaa shanga kifuani. Katikati yupo tembo wa kitambaa, ndani yake wanaume wawili, na yule aliyepangiwa makalio alikuwa anamnung'unikia mwenzake njia nzima. Anti akasema kwao tembo huwa wa kweli. Watu wote wamevaa nyeupe, na mimi nimo na gauni langu la kanisani. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nilikuwa sijatembea katikati ya watu kwa muda mrefu sana. Pembeni yao, ndiyo, kila siku.

Maua yalikuwa asumini. Marehemu ndiye aliyeipanda, kwenye chungu, dirishani pa jikoni kwao, na asubuhi ile Anti alikuwa amechuma yote yaliyokuwa yamechanua.

Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Utanipa asumini nisinuse? Nikainamisha uso kwenye sinia, nikavuta pumzi mpaka ikafika tumboni. Nikachomoa ua moja, nikalichomeka sikioni. Nikajiona mwari!

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akashtuka, akasema kitu kwa lugha yao. Anti akageuka. Akanieleza polepole kwamba maua ya kutoa hayanuswi, maana ile harufu ndiyo sadaka yenyewe. Ukishainusa wewe, unachopeleka mbele ni mabaki.

Hakunigombeza. Alikuwa ananifundisha. Hapo ningesema nisamehe, sikujua, na mambo yangeisha palepale.

Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nikiona aibu, mdomo hunitangulia. Kwetu mtani anakuja msibani, anamsema marehemu ubahili wake na ulafi wake mbele ya jeneza, mfiwa anacheka huku machozi yanamtoka. Ni heshima hiyo. Nimekua nikiiona. Basi nikacheka, nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Usijali, Anti. Mzee wako na mafua yake yale, hata akiwa hai alikuwa hanusi kitu. Atajuaje?"

Hakucheka mtu.

"Hayakuwa mafua," Anti akasema.

Na mimi nilijua! Hilo ndilo linaloniua. Yalikuwa mapafu. Nilimsikia yule mzee akikohoa nyuma ya ukuta wangu baridi nzima, nikapika uji nikampelekea. Nilijua, na bado nikasema.

Anti akalichukua sinia mikononi mwangu, akaenda nalo kwa magoti yake yaleyale. Msafara ukaanza kunipita, ngoma, tembo, watoto, mpaka wazee wa mwisho kabisa. Nimebaki nimesimama kando ya basi lililozuiwa, abiria wanapiga picha dirishani. Nadhani nimo kwenye simu za watu nisiowajua, mwanamke na ua lake sikioni. Nyumbani nilirudi peke yangu, nikapotea kwenye treni.

Nikasema nitakwenda kesho kumwomba radhi. Kesho ikaja nikasema aache apoe kwanza. Nikaanza kusikiliza mlango wake, ukifunguka mimi sitoki. Mwanamke mzima, nyumba ya wazee inakula kwa mkono wangu, namkwepa bibi wa watu!

Jumapili moja akagonga. Nilikuwa nakula. Nikapunguza sauti ya televisheni, nikabana pumzi na tonge mkononi.

"Nangi, upo?"

Aliita mara moja tu. Alijua nipo. Mimi siku zote nipo. Sijui alikuja kuaga, kusamehe, au kudai bakuli lake. Nikasikia magoti yakirudi taratibu, halafu mlango. Nikaendelea kula, Mungu anisamehe.

Nyinyi mlio mbali na kwenu, nawasihi: kabla ya kumtania mtu, jueni kwanza kwao watu wanachekea nini. Na ukishamuumiza, nenda siku hiyohiyo, na Kiingereza chako kibovu hivyohivyo. Usikae ndani kutafuta maneno mazuri. Mimi niliyatafuta. Niliyafanyia mazoezi mbele ya sinki mpaka yakakaa sawa, nikavaa viatu, nikafungua mlango. Kwenye korido wanaume wawili walikuwa wanaingiza kochi kwa Anti. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Mmoja akasema yule bibi kachukuliwa na mwanawe, mji hakuujua, wao ndio wapangaji wapya. Namba yake sina, sikuwahi kuihitaji, alikuwa nyuma ya ukuta tu.

Yule kijana akaniomba nipishe, kochi ni zito. Nikapisha.