Mjapani Mwenye Chale

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nimeshona nguo za wanawake Maskati kwa miaka mingi, na anayepima watu kifua na kiuno kila siku huacha kuamini wanayosema kwa midomo yao. Kwa hivyo alipoingia kwangu yule Mjapani, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilimtazama vizuri kabla sijamkaribisha.

Alikuwa mke wa mhandisi, wakikaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ameelekezwa kwangu na jirani yake niliyewahi kumshonea. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, anainama kila akishukuru. Lakini shingo yake ilikuwa nene kuliko ya marehemu mume wangu. Na nilipomsogelea na utepe wa kupimia, niliona kwenye paji la uso, chini kidogo ya nywele, mistari myembamba mingi iliyosimama wima. Mtu yeyote aliyekulia Unguja angeijua. Ni chale, alama za wembe anazochanjwa mtu na mganga ili dawa imwingie mwilini.

Kisha akatoa nguo aliyotaka niiongeze kiunoni. Ilikuwa kama nguo ya kuogelea, nyeusi na nyekundu, na mgongoni imetariziwa uso wa shetani mwenye pembe. Kwetu nyeusi na nyekundu ni rangi za kilingeni, za watu wanaopandisha pepo. Nikauliza nguo ni ya kazi gani, nikimtumia binti yangu kama mkalimani, aliyekuwa akisoma Kiingereza chuoni. Wakazungumza, wakacheka kidogo.

"Ya michezo, Mama," akasema binti yangu. "Michezo yake ya zamani."

Nilijua nafichwa. Nguo niliishona, kazi ni kazi, ila nilifanya kosa la kumtuma binti yangu akaipeleke. Alirudi amechelewa, na tangu siku hiyo kila Jumatatu na Jumatano akawa anakwenda kwa Mjapani, eti kufanya mazoezi ya Kiingereza. Mjapani mwenyewe Kiingereza chake cha kuokoteza. Nikawa naangalia.

Mwanangu alikuwa na miaka ishirini, na sina mwengine. Alikuwa ameshafungishwa nikaha na kijana wa ukoo tunaoujua, mtu wa ofisi ya serikali, mwenye adabu sana mbele yangu, na harusi ilikuwa imewekwa Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani. Nilichoogopa ni kwamba mtoto anatiwa kwenye uganga wa kigeni huku mimi nimekaa napiga cherehani, na wakwe wakisikia watamwacha.

Siku ya kujaribu gauni la harusi hakutaka kuvua mbele yangu. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuogesha. Leo unanficha nini?" Akageuka. Mgongo ulikuwa umevilia damu, na mkononi, juu ya kiwiko, mlikuwa na alama tano nyeusi. Akasema ameteleza bafuni. Mimi nikasema moyoni, haya Mjapani, sasa umefika.

Jumatano iliyofuata nikachukua teksi nikamfuata. Mlango wa nyuma haukufungwa. Nilisikia kishindo, kisha sauti ya Mjapani ikihesabu kwa lugha yao, kisha kishindo tena, kama ngoma inayopigwa polepole. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikasukuma mlango.

Sebule haikuwa na kiti hata kimoja. Magodoro yametandazwa sakafuni, na mwanangu, kidevu amekibana kifuani, anajitupa chali huku mikono yote miwili ikipiga godoro. Anainuka, anajitupa tena. Hapakuwa na ubani wala sinia ya pepo. Mjapani aliponiona aliinama. Mimi sikuinama.

"Vaa buibui lako twende," nikamwambia mwanangu.

"Kaa kwanza, Mama."

Hakuwahi kunijibu vile. Nikakaa juu ya godoro, kwa hasira na kwa kukosa kiti.

Mjapani akaleta albamu ya picha, na binti yangu akawa anatafsiri. Kumbe alikuwa mwanamieleka. Mieleka ninaijua, kaka zangu walikuwa wakiangalia kwenye televisheni wanaume wanene wakirushana, lakini ya wanawake sikuwa nimepata kuiona. Alijiunga na kampuni yao akiwa na miaka kumi na tano, mama yake hataki. Miezi ya mwanzo hawakuruhusiwa kumgusa mtu. Walifundishwa kuanguka tu, asubuhi mpaka jioni, kichwa kisiguse chini. Waliwafulia wakubwa wao nguo, waliwapikia, waliwabebea mikoba. Pombe marufuku, sigara marufuku, wanaume marufuku. Hapo nikaona walau walikuwa na malezi.

Alishindwa mapambano yote ya mwaka wa kwanza. Halafu bosi akaamua yeye awe mwovu. Akapakwa rangi usoni, akavalishwa yule shetani, akaambiwa ang'ate watu na awavute nywele. Wasichana wa shule waliojaa ukumbini walilia kwa kumchukia. Mama yake akawa haamkiwi sokoni. Nikauliza kuhusu zile chale. Akasema alijikata mwenyewe, kwa kipande cha wembe alichokificha kwenye bandeji ya kidole, ili damu imwagike na watu wapige kelele. Nilimwamini nusu.

Alivaa mkanda wa ubingwa mara mbili. Akafika miaka ishirini na sita, na kwa kampuni yao umri huo ndio mwisho. Wakampigia kengele mara kumi ya kumuaga, amesimama katikati ya ulingo, utepe wa karatasi za rangi umemfunika miguu. Akakaa nyumbani miaka miwili, akashindwa, akarudi kwenye kampuni ndogo mpaka goti likamkatalia. Sasa wenzake walikuwa wamemwita akapigane siku moja ya kuagana, ndiyo maana ya kuongeza ile nguo.

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Na wewe unafundishwa kuanguka kwa nini? Unaolewa, huendi ulingoni."

Binti yangu hakutafsiri. Akainamisha kichwa. Mjapani akatutazama sote wawili, kisha akanyoosha mkono akanishika mimi, juu ya kiwiko, vidole vinne upande mmoja na gumba upande wa pili. Akaniachia, akainua viganja.

"Ana la," akasema, kwa Kiarabu chake cha sokoni. Si mimi.

Nimeshika mikono ya wanawake maisha yangu yote. Zile alama tano niliziona, nikazichanganya na za mgongoni kwa sababu nilikuwa nimeshapata wa kumshuku.

"Nani?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua.

"Mume wangu, siku ile alonipeleka ufukweni Qantab," akasema mwanangu. "Ndani ya gari. Na kabla yake, hotelini Bustan, kwa kuwa nlimjibu mhudumu. Bibi huyu aliziona za mwanzo siku nlompelekea nguo. Hakunuliza mengi. Alisema atanfundisha kuanguka nisiumie kichwa."

"Na mimi mamako, kwa nini hukunambia?"

Hakulia. Alinitazama kama anayemhurumia mtu.

"Ungelinambia nisubiri, nivumilie."

Mabibi harusi wangapi nimewapindia gauni huku pini ziko mdomoni, nikiwaambia hayo hayo. Niliona aibu kubwa, na mgeni yule akainuka akaenda kutuchemshia chai ili asinione.

Tulidai talaka. Vilikaliwa vikao vinne, wazee wa pande zote mbili, na katika kila kikao hakukosekana mtu wa kumwambia mwanangu asubiri. Nilijibu mimi, kabla yeye hajafungua mdomo.