Mpini wa Hanjari ya Babu

Bibi yangu Unguja alikuwa akipaka majivu mikononi kabla ya kumshika samaki, asimponyoke. Nililikumbuka hilo juzi, mjukuu wangu aliponiuliza upinde wake wa Kikorea auzungushie nini pale pa kushikia, ngozi au kitambaa. Nikamfokea, maskini, naye hana kosa.

Hasira zangu ni za Maskati, tulipokuwa wageni. Baba alipeleka kwa fundi hanjari ya babu, jambia la kiunoni, kutiwa mpini mpya, aivae Idi. Duka zima lilinuka pembe iliyosuguliwa, kama nywele zinaungua. Baba akaufumbata mpini wa pembe, ukamkaa. Fundi akampokonya, mtu mzima, mbele yangu mwanawe! Akamsukumia wa mti wa sandali.

"Pembe ina wenyewe. Nyie watu wa Sawahil mti unakutosheni."

"Baba yangu katoka na hanjari hii hapa hapa," baba akasema, kwa Kiarabu chake cha kubabaisha. Fundi akacheka.

Mie na utoto wangu nikaunusa ule mti, nikaona tumependelewa. "Baba, chukua huu, unanukia!"

Leo nnajua nilimwambia nini. Baba akaiweka hanjari mkekani, akanishika mkono, tukatoka. Hakurudi kuichukua.