Kabla Kengele Haijagongwa

Jumatatu moja, ukungu ukiwa bado umeulalia mji wa Sumbawanga, nilipanga foleni shuleni kumwandikisha mjukuu wangu darasa la kwanza. Mbele yangu alisimama mama mmoja na binti yake.

"Ana miaka mingapi?" mwalimu aliuliza.

"Sita. Ila alizaliwa miezi mitatu kabla ya siku zake."

"Kitabu changu kina nafasi ya umri mmoja tu, mama."

Hapo kengele ikagongwa, ile rimu ya lori inayoning'inia nje ya ofisi. Yule binti akaziba masikio, akajitupa chini ya meza akipiga mayowe.

"Huyu umemdekeza," mwalimu akasema.

Mama alikaa sakafuni, akafungua vifungo vya sweta, na binti akatambaa hadi kwake, akalaza sikio kifuani. Kilio kikapungua taratibu mpaka kikaisha.

"Wodini nilimbeba hivi wiki nane, ngozi kwa ngozi," mama akasema. "Sauti ya ghafla bado inamtisha. Akiambiwa mapema, anavumilia."

Mwalimu alizungusha kalamu vidoleni, kisha akaandika jina.

Juzi nilimpeleka mjukuu darasani. Kabla rimu haijagongwa, mwalimu yule yule alisimama mlangoni akanong'ona, "Inakuja."

"Inakuja," darasa zima likanong'ona, na yule binti akafumba macho, kiganja kifuani, akingoja.

Mimi nilikaa tumboni miezi tisa kamili, na mpaka uzee huu sijapata mtu wa kuninong'oneza hivyo.