Nauli ya Bosi, Abiria wa Kilo Nane

Niliwahi kugombana na mhudumu wa meli kwa sababu mwanangu hakuletewa stek.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Hakuwa na jino hata moja.

Msinicheke bado. Ngoja niwape mkasa wote tangu mwanzo, halafu tucheke pamoja.

Mimi ni mwenye bucha. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya mizani, na wateja wananijua: kwangu kilo ni kilo. Simpunji mtu na sipendi kupunjwa. Ukinipunja hata kipande cha mfupa wa supu, roho inaniuma siku nzima.

Mtoto wetu tulimpa jina zuri tu, la babu yake, lakini nyumbani anaitwa Bosi. Cheo hicho alikipata wiki ya kwanza. Anaamka anapotaka, analia anapotaka, na sisi tunakimbia. Basi mke wangu akawa Mama Bosi na mimi nikawa Baba Bosi.

Tatizo ni kwamba aliyekuwa anakimbia zaidi ni Mama Bosi.

Miezi minane yule mwanamke hakupata usingizi wa kueleweka. Siku moja nilimkuta jikoni, mwiko mkononi, amefumba macho, amelala wima. Nesi wa kliniki alimwambia wazi kwamba dawa yake haiuzwi famasi. Dawa yake ni kulala.

Nikajitutumua. Nikatangaza kwamba tunakwenda kupumzika kwenye meli ya kitalii, zile ndefu zenye maghorofa, siku tano majini.

Mama Bosi hakurukaruka. Alinitazama kwanza.

"Baba Bosi, mimi sina hamu ya kuona bahari. Nataka kulala. Nikishuka kwenye hiyo meli nimechoka hivi hivi, nyumbani siji. Napitiliza kwa mama na mwanangu, na sijui nitarudi lini."

Alisema taratibu, bila hasira. Hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akifoka, najua yataisha. Akisema taratibu, ujue ameshaamua.

Nampenda sana mke wangu, siwafichi. Nikaapa moyoni kwamba kwenye meli hiyo atalala mpaka achoke kulala.

Halafu nikaenda kwa wakala wa safari.

Wakala alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu. Akabonyeza kompyuta yake, akanitajia nauli. Nikaona imezidi. Nikamwambia sisi ni wawili. Akasema mko watatu. Nikamweleza kwamba huyo wa tatu ni wa kubeba tu. Akanijibu kwamba kwenye meli ile kila anayepanda analipa nauli kamili, awe anatembea au amebebwa.

Nikamuuliza kama anajua mtoto mwenyewe ana uzito gani. Hakujua.

Mimi nilijua, maana nilishampima kwenye mizani ya bucha. Niliisafisha kwanza, msianze maneno. Kilo nane kamili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nina kilo themanini na tisa, na Bosi ana nane, na tunalipa sawa. Mteja akilipia kilo themanini na tisa ukampa nane, kwetu anakuitia watu.

Nililipa kwa ajili ya usingizi wa Mama Bosi. Lakini nilipotoka mle ofisini nilikuwa nimeshajiapiza kwamba kilo zilizobaki nitazidai humo humo melini, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo nilipanda meli na viapo viwili. Cha pili ndicho kilichokimeza cha kwanza.

Mlangoni kila abiria alipewa kadi yenye picha yake, ya kupitisha kwenye mashine unapoingia mahali. Bosi naye akapewa yake, kwenye picha anapiga mwayo. Nikaivaa shingoni pamoja na yangu.

Hatua chache mbele walikuwa wanagawa kofia, moja kwa kila abiria. Nikachukua tatu. Ya Bosi ilimfunika kichwa chote mpaka mabegani, akaanza kulia humo ndani.

Kinywaji cha kukaribisha wageni, nikanywa cha kwangu na cha Bosi. Kwenye ukumbi wa maonyesho nikashika viti vitatu. Bosi alikuwa mapajani kwa mama yake, na kiti chake kimekaliwa na koti langu. Mtu mmoja aliyekosa pa kukaa aliponiuliza, nikamwonyesha kadi.

Jioni ndipo likaja la stek.

Mhudumu wetu alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu, tai imenyooka. Alimletea Bosi viazi vya kupondwa kwenye kibakuli. Nikamrudisha navyo. Nikamwambia abiria huyu amelipa nauli kamili, na nauli kamili ina stek.

Yule mzee hakubisha. Aliinama mpaka usawa wa Bosi, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, ungependa iive kiasi gani?"

Bosi akatoa povu la mate.

"Ya wastani," nikamjibia.

Meza ya jirani walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa. Mimi sikujali. Niliila ile stek ya pili huku nikijisikia mtu aliyepata haki yake mahakamani. Mama Bosi alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Kesho yake asubuhi nikampangia kazi. Foleni ya mayai ashike yeye, ya juisi nishike mimi, kisha tukutane kwenye mikate, na sahani ya Bosi tupokezane. Alikuwa na mtoto begani na sahani mkono wa pili, na macho yake yalikuwa mekundu.

Akaniambia kwamba ameona chumba cha kulelea watoto ghorofa ya sita, labda tukaulizie.

Nikamkatiza. Nikamwambia hapo ndipo wanapokukamua, unaacha mtoto saa moja unalipia wiki. Mtoto wetu tutamlea wenyewe. Na foleni ya mayai inasogea.

Akamhamishia Bosi bega la pili. Alipozungumza, alizungumza taratibu.

"Basi wewe baki na kadi ya Bosi, usipoteze haki zake. Mimi nampeleka akatazame maji."

Jamani, nilimpenda mara mbili. Nikajua nimeoa mtu anayenielewa. Kule kusema taratibu hata hakukunishtua, akili yote ilikuwa kwenye mikate.

Kuanzia hapo sikupumzika. Kwenye bwawa la kuogelea nilishika kiti cha Bosi, nikakitandikia taulo la Bosi, nikakivika kofia ya Bosi. Kulikuwa na darasa la kupamba keki, nikamwandikisha, nikapamba kwa niaba yake. Kila abiria alikuwa na nafasi moja ya kukandwa mwili. Mkandaji akadai mtoto mchanga hakandwi. Nikamwambia sawa, basi baba yake atapokea. Nikakandwa mara mbili mfululizo, nikatoka bega limeteguka.

Siku ya tatu tumbo lilikuwa limejaa mpaka nikawa natembea mkanda wazi. Nilikuwa hoi kuliko mwisho wa mwezi bucha inapofurika.

Mama Bosi ndiye niliyemshangaa. Kila siku anaondoka na mtoto baada ya chai, na kila alasiri anarudi uso umenawiri, anaimba chinichini. Nikajipongeza. Nikajua kiapo cha kwanza kimetimia, na kwa mama mkwe hatuendi.

Kitu kimoja tu kilininyima raha. Bosi alikuwa anarudi na nyota ya karatasi imebandikwa kifuani. Nilipouliza, Mama Bosi akasema zinagawiwa.

Zinagawiwa wapi? Na kama zinagawiwa, mbona Bosi anapewa moja tu?

Siku ya nne nikaenda mapokezi. Nikaweka kadi ya Bosi juu ya meza na kueleza malalamiko yangu kwa kirefu, kuanzia kwenye nauli. Dada wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Akasema mambo ya nyota yanashughulikiwa ghorofa ya sita.

Nikapanda.

Kilikuwa chumba kikubwa, mapazia yameshushwa, kimya kabisa. Vitanda vidogo vimepangwa ukutani. Kwenye kitanda cha tatu alikuwa amelala mtu ninayemjua, mikono juu, nyota kifuani.

Bosi.

Mlezi alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani. Nilipojitambulisha aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu aliyeshasikia habari zangu. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba Bosi huletwa kila siku baada ya chai, kwa kadi ya mama yake, na huchukuliwa alasiri. Nyota ni ya mtoto aliyelala vizuri. Mtoto halali vizuri mara mbili, kwa hiyo hapewi mbili.

Nikauliza tunadaiwa kiasi gani.

"Hamdaiwi kitu, baba. Huduma hii imo kwenye nauli yake. Ndiyo maana mtoto analipa nauli kamili."

Nikashika ukingo wa kitanda. Siku nne nimekula, nimekandwa, nimegombania nyota, na kile tulicholipia hasa kilikuwa hapa, nilikikataa mwenyewe bila hata kuuliza.

Nikamuuliza mama yake yuko wapi muda huu. Yule mlezi akaanza kupanga vidoli ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Fomu ya Bosi ilikuwa juu ya meza. Mlezi akawahi kuifunika kwa mkono, lakini mimi nimezoea kusoma mizani kutoka mbali. Kulikuwa na sehemu ya maelekezo maalumu, pale ambapo wazazi wengine wanaandika kwamba mtoto hapatani na karanga. Chini yake, kwa mwandiko wa mke wangu, yalikuwa maneno haya:

"Baba yake akija kuniulizia, tafadhali msimwambie nilipo. Nimelala."

Nilikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni. Aibu niliyoisikia siku ile siwezi kuwapimia.

Nikangoja hapo hapo. Nilikuwa na kadi mbili, nafasi zangu mbili za kuonja jibini zilikuwa zinapita, na wala sikuinuka.

Alasiri Mama Bosi akaingia. Shavuni ana alama za mto. Aliponiona hakushtuka, alivuta kiti kingine kidogo akakaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ni bure.

"Ningekuambia, ungenirudisha kwenye foleni."

Ni kweli, ningemrudisha. Ningefurahi kabisa kwamba sasa mikono yake yote miwili iko huru.

Akaniambia, taratibu, kwamba Bosi akishiba analala, na akilala na yeye anapata kupumua. Mtu asiyeshiba wala kulala ni mimi. Tangu mtoto azaliwe nilikuwa naingia nyumbani nikiuliza shati langu liko wapi, chakula kiko wapi, mbona mtoto analia. Akasema alijaribu kuhesabu ni nani kati yetu wawili anayemwita mara nyingi zaidi kwa siku, akaacha kuhesabu.

Iliniuma. Na iliniuma zaidi kwa sababu hakuwa ananitukana.

Nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa. Kama akishuka bandarini ataenda na mtoto kwa mama yake.

"Kwa mama naenda," akasema. Akamtazama Bosi pale kitandani, kisha akanitazama mimi, na tabasamu likaanza kumtoroka pembeni. "Mtoto nakuachia."

Nilidhani ni utani. Mnamjua mke wangu? Basi mimi nilikuwa simjui vizuri. Bandarini alibusu paji la uso wa Bosi, akanikabidhi begi la nepi na chupa za maziwa, akaita teksi. Mkono wake nyuma ya kioo ulipunga kwa furaha ambayo haikuwa na adabu.

Bucha nilimwachia mdogo wangu. Mimi nikabaki na Bosi.

Siku ya kwanza nilijua chupa moja haitoshi na mbili zinatapikwa. Siku ya pili nilivaa shati upande wa nyuma mbele mpaka jioni, na hakuna aliyeniambia, maana hapakuwa na mtu. Siku ya tatu nilimkuta mwanangu ananicheka, nikagundua nilikuwa nimelala wima jikoni, chupa mkononi.

Nikampigia simu Mama Bosi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumsihi arudi, mazuri kweli. Akapokea mama mkwe.

"Amelala, baba. Nimwamshe?"

Bosi alikuwa begani kwangu, analia kwa nguvu zote za kilo nane, na maziwa yananichuruzika mgongoni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimtamani mke wangu kuliko siku zote.

"Hapana, mama," nikasema. "Mwache alale."

Alirudi siku ya nane, mwenyewe, bila kufuatwa.

Tangu nianze kuusimulia mkasa huu, wababa wenzangu wananiandikia wakiuliza kumpeleka mtoto mchanga kwenye meli kunagharimu kiasi gani. Nauli mtatajiwa na wakala. Hili lingine hawatawaambia: kabla hujapiga kelele kwamba mtoto amelipishwa kama mtu mzima, angalia kwanza kama wewe mtu mzima hulelewi kama mtoto.

Ukisema unampeleka mkeo akapumzike, mpumzishe. Pokea mtoto, mwonyeshe mama yake kitanda kilipo, kisha funga mlango ukiwa upande wa nje.