Skrini Kubwa na Kigoda cha Mama

Kwa miaka miwili mfululizo hakuna kitu kilichoniudhi kama kigoda cha mama yangu. Kigoda chenyewe hakina kosa. Kina miguu mitatu, kimekaliwa hadi kikang'aa, na kilikuwepo nyumbani kabla yangu. Kosa lilikuwa mahali kilipowekwa: nje, uani, hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni, upande wa jikoni. Na ndani ya nyumba hiyohiyo, ukutani, kulikuwa na televisheni ya inchi hamsini na tano niliyomnunulia mimi.

Habari za kigoda nilikuwa nikizipata kwa simu. Mimi nafundisha fizikia Homa Bay, na nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Rongo, upande wa Migori. Shemeji yangu, mke wa ndugu yangu mdogo, ndiye anayeishi na mama pale bomani. Kila nikipiga simu jioni namuuliza kama mama anatazama televisheni. Ananijibu kwamba televisheni inawaka, ila mama yuko nje. Siku nyingine aliongeza kuwa mama amekuwa mkali siku hizi, hataki mtu asimame mlangoni. Ukisimama kidogo tu pale anakufukuza kwa fimbo kama kuku aliyeingia kwenye unga.

Niliumia, sitaficha. Nikajiambia kwamba uzee umemgeuza mama yangu kuwa mtu asiyejua kushukuru.

Sababu ya kununua televisheni ile ilikuwa macho yake. Tulimpeleka hospitali mjini Migori, tukaambiwa ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaweza kudumu miaka michache kwa dawa ya matone, au lisidumu, hakuna anayejua. Daktari alikuwa kijana mpole, akatueleza polepole kwamba ugonjwa huu hula macho kuanzia pembeni kuja katikati, jinsi panya anavyokula mkeka. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe nilichosikia ni kimoja tu, kwamba muda ni mfupi. Kwa hesabu yangu, macho yakipungua nguvu, vitu viongezwe ukubwa. Nani angebishana na mwalimu wa fizikia?

Na kulikuwa na deni la zamani ambalo halikuwa langu, lakini nililibeba. Mama alipokuwa msichana, gari la sinema lilikuja sokoni kwao. Watu wa serikali walitundika shuka kubwa jeupe kati ya miti miwili, wakaonyesha kwanza mambo ya kuosha mikono, kisha hadithi ya mwanamume aliyembeba mtoto mgonjwa mgongoni, akitafuta mahali pa kuvuka mto uliofurika. Mwanamume alipotia mguu wake majini, babu yangu akatokea katikati ya umati, akamshika binti yake mkono na kumvuta hadi nyumbani, kwa sababu giza lilikuwa limeingia na yeye ni msichana. Gari lile halikurudi tena. Tangu utoto wangu nimemsikia mama akiuliza watu wa rika lake kama yule mtu alivuka. Hakuna aliyekumbuka. Wengine walikumbuka sabuni.

Basi nilitaka jambo moja: kabla jicho lile la mwisho halijafumba, mama yangu aone filamu moja kubwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kumvuta mkono.

Nilianza na nyumbani, na nyumbani kulinishinda. Niliitoa televisheni ndogo ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, iliyokuwa kwenye kona ya mbali juu ya kabati, nikaipeleka Ndhiwa kwa wakwe zangu kama zawadi. Nikapigilia ile mpya ukutani, ikitazamana na mlango. Sebule yetu si ndefu, ina hatua nne tu. Nikavuta kiti kizuri chenye mito nikakiweka mbele kabisa. Kila nilipokuja wikendi nilikuwa nikimtoa mama uani kwa mkono wangu, nikimkalisha pale, na kuchomeka flashi yenye filamu niliyoichagua wiki nzima.

Hapo ndipo wageni wanapoingia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwa na filamu katikati. Kwetu mtu akipiga hodi huwezi kuendelea kutazama ukuta kana kwamba ameingia mbuzi. Sauti inapunguzwa, watu wanasimama, mikono inashikwa mmoja mmoja. Inaulizwa habari ya watoto, ya mahindi, ya ng'ombe aliyekuwa anakohoa. Chai inatengwa. Mgeni akimaliza chai anasema tuombe kabla hajatoka, na maombi yenyewe hayana haraka, yanazunguka hadi kwa jamaa walioko Nairobi. Ukirudi kwenye filamu, stima imepotea. Au mgeni mwenyewe amekwisha kuiona kwenye simu yake, anakuonyesha kwa kidole nani atakufa na nani ndiye mwizi. Kwa miezi ishirini na minne sikumaliza filamu hata moja katika nyumba ile. Na kila wageni walipoondoka, niligeuka nikakuta kiti chenye mito kiko kitupu na mama amerudi kwenye kigoda chake.

Mimi najua sinema ni nini, ndiyo maana hasira yangu ilikuwa kubwa. Nikiwa mwanafunzi Nairobi niliingia ukumbi wa sinema kwa mara ya kwanza, nikakaa gizani mbele ya skrini kubwa kuliko nyumba yetu, na kwa saa mbili hakuna aliyeniuliza habari ya ng'ombe. Nililia. Filamu haikuwa ya kuliza mtu. Nililia kwa sababu sikuwahi kuachwa peke yangu na kitu kizuri mpaka kikaisha. Nilitamani mama aonje hilo.

Lakini kutoka Migori mpaka Homa Bay hapakuwa na ukumbi wa sinema. Kulikuwa na vibanda vya kutazamia mpira, basi. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja mjini Homa Bay, mtu wa pwani aliyehamia kwetu na duka lake la vitambaa, alipokodi ghala la zamani la pamba, akaziba madirisha, akapaka ukuta mzima rangi nyeupe na kutangaza filamu kila Jumamosi alasiri, nilihisi kama tangazo lile limeandikwa kwa jina langu. Nilikwenda kukagua mwenyewe. Ukuta ulikuwa mkubwa sawasawa. Viti vilikuwa vya plastiki, lakini giza lilikuwa giza.

Nikaazima gari la mwalimu mwenzangu, nikamfuata mama. Alivaa nguo ya kanisani na kitambaa kipya kichwani. Njiani aliniuliza mara mbili kama tutakaa mbali au karibu. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeongea na mwenye ukumbi, tumewekewa viti viwili safu ya kwanza, katikati. Akanyamaza. Mimi nikadhani ni furaha.

Filamu ilikuwa ya Kiswahili, ya mwanamke anayerudi kijijini kudai shamba la mamake. Nyuso zilikuwa kubwa kama milango. Mimi nilikuwa nimeshazama ndani dakika ya tano, lakini mama hakutulia. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, juu na chini, kama kuku anayetafuta punje. Aliniuliza ni nani anayeongea. Nikamwambia ni kaka mtu, si unamwona? Baada ya kidogo akauliza wako wapi, nyumbani au barabarani. Nikamjibu kwa mkato. Alipouliza mara ya tatu, watu wa nyuma wakaguna, na mimi, mtoto aliyelelewa vizuri na mwanamke huyohuyo, nikamwambia, "Mama, nyamaza utazame."

Akainuka. Akashika migongo ya viti mmoja baada ya mwingine na kupanda njia ya katikati kuelekea mlangoni.

Nilibaki nimekaa kwa muda, na sioni fahari kulisema. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyepika siku nzima na chakula kikamwagwa. Nikawaza: hata hapa? Hata mahali ambapo hakuna mgeni, hakuna chai, hakuna stima kupotea, bado ataondoka katikati? Mwishowe nikainuka nikamfuata, nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia tukifika nje.

Hakuwa nje. Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ukumbi, mgongo umeegemea ukuta, mikono imefungwa kifuani, ametulia tuli. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, na kichwa hakichezi. Nikamshika mkono nimrudishe mbele. Akautoa mkono wake.

"Kule ulikoniweka naona sikio," akasema kwa sauti ya chini. "Naona kifungo cha shati. Nikitafuta uso, sikio limepotea. Hapa namwona mtu mzima, na nyumba yake, na mbuzi wake."

Panya na mkeka wake. Daktari alituambia waziwazi kuwa kilichobaki ni katikati. Mama yangu alikuwa anatazama ulimwengu kupitia tundu, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nasogeza tundu karibu na ukuta na kuuliza kwa nini haoni nyumba. Nyani haoni kundule, na mimi nafundisha watoto wa watu habari za mwanga.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu bila kuondoa jicho kwenye filamu kwamba nilikuwa nimenunua kwa jasho langu, na mtu hawezi kumrudishia mtoto zawadi mkononi. Kisha, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, akataka kujua ile televisheni ndogo niliipeleka wapi.

"Ndhiwa," nikasema. "Kwa wakwe."

"Basi imekwenda," akasema.

Imekwenda kweli. Afadhali niende kuiba benki kuliko kwenda kwa wakwe zangu kudai nilichowapa. Pale kwenye kona ya mbali, juu ya kabati, ile ndogo ilikuwa inamwingia mama machoni nzima, na mimi niliifunga kamba nikaipakia kwenye buti la gari nikipiga mluzi.

Yule mfanyabiashara wa pwani alituona tumesimama, akaja. Nilidhani atatukemea kwa kuziba njia. Aliniangalia, akamwangalia mama, akasema, "Shikamoo mama, wapenda hapa?" Mama akasema anapenda. Akaenda, akarudi na kiti cha plastiki, akakiweka palepale ukutani na kurudi zake mlangoni. Alimaliza kwa dakika moja kazi iliyonishinda miaka miwili. Mama alitazama filamu ile hadi majina yote yakapanda na taa zikawashwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, na siwezi kukueleza ilivyoisha.

Usiku ule tulilala kwangu Homa Bay, na Jumapili baada ya ibada nikamrudisha nyumbani. Shemeji alikuwa ameandaa chai. Mama alinywa yake, akatoka nje, akaketi kwenye kigoda. Mimi nikabaki sebuleni nikiitazama televisheni yangu ukutani, kisha nikageuka nikatazama nje. Kutoka pale ilipo, mstari unapita katikati ya mlango uliofunguliwa, unakata ua, na kuishia kwenye kigoda. Hakikuwekwa pale kwa hasira wala kwa kutojua kushukuru. Kilipimwa. Na fimbo ile ya kufukuza watu mlangoni haikuwa ya ukali wa uzee.

Nilichomeka flashi. Nikaongeza sauti mpaka ikafika jikoni, nikatoka na kuketi chini kwenye nyasi, ubavuni mwa kigoda. Hatukumaliza hata dakika kumi, jirani mmoja akaja na salamu zake za Jumapili, akasimama mlangoni katikati akimwamkia shemeji aliyekuwa ndani, mgongo wake umeziba kila kitu.

"Jirani, tafadhali ondoka mlangoni," nikasema. "Mama anatazama."

Alisogea, akatushangaa, akaingia ndani kunywa chai. Nilijua hilo litazungumzwa Rongo nzima kabla ya Jumatano, kwamba mwalimu amefukuza mgeni mlangoni kwa mamake. Acha lizungumzwe.

Kutoka pale chini, televisheni ya inchi hamsini na tano ilikuwa ndogo kama daftari la mwanafunzi. Jua la alasiri lilinipiga machoni, watu wa kwenye filamu walikuwa vijidoa, na mimi mwenye macho mawili mazima sikuweza kujua mwanamume ni nani na mwanamke ni nani. Mama alikuwa anatabasamu kwa jambo fulani lililokuwa likitendeka mle ndani. Akainamisha kichwa kidogo kunielekea, akaniuliza kama naona vizuri.

Nikamwambia sioni.

"Haya," akasema, na akaanza kunisimulia.