Mche Uliotakiwa Kubaki

Nilitangatanga Tunduru, Songea na vijiji vya ziwani miaka mingi kabla lori la mahindi halijanishusha Ruanda, Mbinga, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na hamu ya kutulia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia. Kaya kumi na tatu ziliunda kikundi, zikanunua miche elfu moja, na mwenye kitalu akatuongezea mmoja wa bure.

“Ametuharibia,” nikasema kwa sauti ya darasani. “Elfu moja na moja ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mgawane mtakavyo, lazima ibaki.”

Nilikuwa nimejaribu mbili, tatu na tano tu, nikachoka.

“Basi ikibaki utapanda wewe, baba,” akasema Mama Kapinga, mwenyekiti wetu. “Uwe mwenyeji. Na ukatibu tunakupa, maana hesabu unazijua.”

Siku hiyohiyo nikachimba shimo nyuma ya chumba nilichopanga.

Kesho yake wakagawa kwa desturi yao: kila kaya mche mmoja, kisha wanazunguka tena, hadi rundo liishe. Nilisimama na jembe begani, nikitabasamu. Mche wa mwisho ukaishia kaya ya mwisho. Kila mtu alikuwa amepata sawa na jirani yake, na chini palibaki udongo mtupu.

“Katibu,” Mama Kapinga akaniita, “mche wako uko wapi?”

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Sikuwa na pa kuficha lile jembe.

Wiki haikuisha nikapanda basi Kitai, nisirudi tena. Shimo nililiacha wazi.