Siku Tuliposhusha Wimbo

Daktari wa koo alinitoa vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, vidogo kama punje za mtama, kisha akaniandikia kwenye karatasi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa kiziwi: wiki tatu usiseme neno. Chini yake akaongeza: kuimba, tutaona.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya mtaa wa Manyatta, na wikendi ni mwimbaji. Wiki zile tatu nilifundisha kwa filimbi na chaki. Sokoni nilimnyooshea muuza samaki vidole vitatu nikimwonyesha samaki aina ya ngege. Yule mama akanihurumia, akaanza kunipigia kelele polepole: "Watatu? Mama, unataka wa-ta-tu?" Soko zima likageuka. Akaniongezea wa nne bure, na mpaka leo naona haya kupita pale nikiongea.

Sauti ya kuzungumza ilirudi, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Ya kuimba sikuijaribu. Lakini bendi yetu ilikuwa imealikwa kwenye tamasha la kando ya ziwa tangu kabla ya operesheni. Siku mbili kwenye nyasi, muziki wa kwetu, jazi, na wageni kutoka nchi za mbali. Sisi tungepiga pamoja na mpiga saksafoni kutoka Addis Ababa. Wenzangu waliponiuliza kama nimepona, nilisema nimepona. Mazoezini niliimba chinichini na kusema naihifadhi sauti. Walinikubalia, kwa sababu nilikuwa nimeimba nao miaka tisa na sikuwahi kuwaangusha.

Wimbo wetu mkubwa ulikuwa wa kupalilia, ambao nyanya yangu alikuwa akiuimba shambani uwanda wa Kano. Anayeujua vizuri sasa ni mjomba wangu, mdogo wa mama. Yeye analima mpunga Ahero, na kwenye bendi anapiga orutu, lile zeze letu la uzi mmoja. Mstari wa tatu wa wimbo huo unapanda ghafla, na watu huusubiri.

Siku ya tamasha, saa sita mchana, tulipanda jukwaani kupima vyombo. Jua lilikuwa kali na nyasi bado ziko tupu. Nikaanza. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita kwa shida, na wa tatu nilipopanda, hakuna kilichotoka. Spika zilitoa pumzi tu, pumzi kubwa, uwanja mzima. Fundi wa sauti alikuja mbio akabadilisha waya wa maiki. Nikajaribu tena, pumzi tena. Alibadilisha waya mara ya pili kabla sijamwambia kwamba waya ni mzima.

Mjomba akaweka orutu chini.

"Okewa," akasema. Ndivyo kwetu mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake, naye huitwa Nera. "Tangu lini?"

"Tangu operesheni, Nera."

"Na mazoezi yote yale ulikuwa unatudanganya?"

"Ndiyo."

Nilingoja anigombeze, na nilitaka anigombeze. Vijana wetu wa gitaa la besi na ngoma walikuwa wanatazama viatu vyao. Mjomba akachukua orutu yake tena.

"Haya, niimbie kutoka chini. Panda mpaka pale inapokatika, halafu usimame."

Nikaimba. Yeye akanifuata kwa upinde, akilegeza uzi kidogo kidogo, akipiga, akilegeza tena. Tulipofika mahali sauti yangu ilikaa bila kutetemeka, akasimamisha mkono. "Tukae hapa. Na ukifika kwenye mstari wa tatu usipande. Niachie mimi."

Tatizo likawa la mgeni wetu. Alinieleza kwa upole kwamba orutu ukiilegeza uzi, sauti imeshuka, lakini kwenye saksafoni yake vidole vyote vinabadilika, na kii hiyo mpya, yaani ngazi hiyo ya sauti, ni ngumu mno. Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa, akasema nimpe saa moja. Akaenda nyuma ya tangi la maji, na sisi tukawa tunamsikia akikosea mahali palepale, akirudia, akikosea, akirudia. Tulikuwa tumefahamiana siku mbili tu. Hakuwa na deni lolote kwangu, na bado alikaa pale juani mpaka shati likamshika mgongoni.

Tulipanda saa kumi. Nyasi zilikuwa zimejaa watu, akina mama na leso zao zimetandikwa, watoto mabegani. Nikaanza chini kule, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuimbia watu, na sauti ikatoka. Ilikuwa na mkwaruzo, lakini ilitoka. Mstari wa tatu ulipofika nikafunga mdomo. Orutu ikapanda peke yake, ikilia kama mtu, na saksafoni ikaingia chini yake kwa mwendo wa kwao, ule unaozungukazunguka kabla ya kutua. Nilisimama nikisikiliza. Miaka yote ile nilikuwa nashughulika na kuifikia noti ile, sikuwahi kuusikia mstari wenyewe.

Kisha nikarudi kwa ubeti wa pili, na wa mwisho. Sauti ilikaa. Watu walipiga vigelegele, nami sikujua ni vya nini hasa, kwa sababu nilikuwa namtafuta mjomba kwa macho. Nyuma ya jukwaa nilikaa kwenye kreti tupu ya soda nikalia huku nikicheka. Mgeni wetu akanipigia makofi kwa vidole viwili, vile vingine vikiwa vimechoka.

"Kunywa maji," mjomba akasema. "Usiongee."

Alilala kwangu, mtaa wa Nyalenda, siku hiyo. Asubuhi niliamka nikakaa kitandani, naogopa kufungua mdomo. Operesheni ilinifundisha kwamba sauti inaweza kuwepo jana na leo isiwepo. Nilijifunga leso, nikatoka. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai.

"Umelalaje?"

"Nimelala vizuri, Nera. Hiyo chai ina sukari?"

Sauti ilikuwa nzito, na ilikuwa yangu. Akanitazama usoni, akaitazama chai.

"Haina," akasema. "Lete sukari."